Si simu, ni ukuta

Wiki mbili zilizopita nilikuwa msibani Sinza, Dar es Salaam, mtaa niliokulia. Turubai lilifungwa katikati ya njia kama ilivyo kawaida sasa, maana uani hakuna tena pa kukalisha watu. Kaka mmoja wa rika langu, tuliyecheza naye chandimu, akaanza: "Dada, enzi zetu mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Siku hizi watu wabinafsi, na watoto wameharibiwa na simu." Waliokaa karibu wakaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Lakini maneno hayo nimeyasikia harusini, kwenye vikao vya wazazi, redioni, na kwa wateja wanaonijia na michoro ya nyumba zao mkononi huku wakiniomba niwapandishie ukuta hadi mwisho wa kiwanja. Mimi ni mtu wa mipango miji, mwaka wa 27 huu. Uvumilivu wangu umefika ukingoni, naandika.

Sinza haikuota kama uyoga. Ni zao la mradi wa viwanja na huduma ulioanza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese ikiboreshwa ilivyo bila kubomolewa yote. Serikali ilipima, ikachonga barabara, ikavuta maji, ikagawa viwanja. Nyumba ukajijengee mwenyewe. Vingi vilikuwa vidogo, mita 12 kwa 24. Aliyepata mkopo wa Benki ya Nyumba alijenga kwa mkopo, aliyekosa alijenga tofali kwa tofali. Sisi tulihamia 1979, vyumba viwili vina bati na sebule haina.

Shikeni hapo, ndipo mambo yote yanapoanzia. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka huohuo, nchi haina fedha za kigeni, saruji inatafutwa kama dawa. Mtu akipata mifuko mitano anawaza lenta, hawazi uzio. Kwa hiyo mipaka yetu ilikuwa michongoma, kwa wengine minyaa, na kwa wengi hakuna kitu, bikoni tu imejificha kwenye majani. Mchongoma unaokatwa vizuri unamfika mtu mzima kifuani. Mama akiwa uani anapepeta mchele anaona njia, anaona uani kwa jirani, anaona na watoto wa watu sita wanaokimbia na mpira wa soksi. Na kila mchongoma ulikuwa na tundu chini ambalo wakubwa hawakulijua na sisi tulilipita kwa magoti tukicheza kombolela.

Nusu ya mtaa ilikuwa mapagala. Nyumba ilikaa miaka minne bila paa, imeota mbarika ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu, hospitali yetu na jiko letu la kupikapika. Hakuna aliyetupangia.

Sasa hayo malezi ya pamoja. Watu wanayasimulia kama kwamba wazazi wetu walikuwa na moyo ambao sisi hatuna. Nawapenda wazazi wetu, lakini wao walikuwa watu kama sisi, na wengine walikuwa wachoyo kweli. Jirani aliyenikamata nikirusha manati kwenye mabati ya watu na kunipeleka kwa mama alifanya hivyo kwa sababu aliniona. Alikuwa barazani, baraza inatazama njia, kati yake na mimi hapakuwa na kitu kirefu kuliko kiuno. Alinijua jina kwa sababu tulipanga ndoo kwenye bomba moja, tukapanga foleni moja ya sukari na sabuni kwenye duka la ushirika, na baba yake na baba yangu walikuwa chini ya balozi mmoja wa nyumba kumi. Kila siku mtu alikuwa na sababu ya kuingia kwa mwenzake: kuomba moto wa mkaa, kuazima kinu, kusikiliza mpira wa Simba na Yanga kwa aliyekuwa na redio yenye betri nzima. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli, ila ulisimama juu ya kuonana na kuhitajiana, na vyote viwili vilikuwa na umbo, vinapimika kwa mita.

Hata majina ya vituo vya Sinza yanashuhudia. Sinza kwa Remmy inaitwa hivyo kwa sababu mwanamuziki Remmy Ongala aliishi pale na kila mtu alijua pale ni kwake. Mtaa uliofichana hauzai jina la namna hiyo.

Barabara nayo. Tulicheza katikati ya njia kwa kuwa hapakuwa na gari la kutugonga. Dar es Salaam ya sensa ya 1978 ilikuwa na watu 843,090. Ya 2022 ina 5,383,728. Mafuta yalipopanda bei, serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana bila kibali. Kwa wazazi ilikuwa adha, kwa sisi ilikuwa uwanja. Jumapili jioni rede ilichezwa katikati ya barabara kubwa, chupa imewekwa pale na mchanga wa kuijaza, na anayetuondoa ni adhana ya magharibi au sauti ya mama, basi.

Wanaonikumbusha raha hizo wengi ni wanaume, na hili lazima niliseme. Kuonwa na mtaa mzima kulikuwa na bei, na bei hiyo tuliilipa wasichana. Kaka yangu alirudi saa 2 usiku, akaulizwa amekula wapi. Mimi nikisimama dakika tano na mvulana kwenye kona, habari ilifika nyumbani kabla yangu, na fimbo ilishachumwa. Wasichana wengi wa mtaa wetu walicheza wakiwa na mdogo wao mgongoni, ama hawakucheza, walikuwa bombani. Nikisikia "tulikuwa huru" huwa nauliza tulikuwa nani.

Narudi kwenye ukuta, kwa sababu hapo ndipo nashindwa kuvumilia uvivu wa kufikiri. Biashara ilipofunguliwa 1984 bidhaa zilirudi, na miaka ya tisini zikawamo ndani ya nyumba za watu: friji, redio kaseti, na baada ya vituo vya televisheni kuanza Bara 1994, televisheni. Kabla ya hapo tulikuwa tunabanana dirishani kwa mwenye antena ndefu ya kunasa Zanzibar. Kikapatikana cha kuiba. Kwanza zikaja nondo madirishani. Kisha ukuta wa tofali sita, ambao bado unaweza kusalimiana juu yake. Kisha ukapanda, vikapachikwa vipande vya chupa, mwisho waya wa umeme na geti la bati lisilo na tundu.

Angalieni unavyofanya kazi. Nyumba ya kwanza kuinua ukuta inajificha, na wakati huohuo inaitoa njia macho yake mawili. Njia ikipungukiwa macho, mwizi anapata nafasi ya kusimama. Nyumba ya pili sasa iko wazi kuliko jana, nayo inajenga. Ya tatu haina la kuchagua tena. Mtaa wenye nyumba 14 unafika nyumba 14 zenye kuta bila hata mmoja kuwa mbinafsi, kila mmoja amefanya jambo la busara kwa familia yake. Mwisho mnabaki na mfereji wa tofali mita sita upana, tofali kulia, tofali kushoto, na hakuna mama mwenye akili atakayemwachia mtoto wa miaka saba humo peke yake. Mtoto anabaki ndani. Ndani kuna simu. Simu imekuja kukaa kwenye nafasi ambayo ukuta ulikwisha kuifungua.

Anayebisha avuke Mto Ng'ombe aende Tandale au Manzese saa 11 jioni. Jiji ni lilelile, vifurushi vya simu ni vilevile. Nyumba zimesogeleana, milango inatazamana, ukuta hauna pa kusimama. Watoto wamejaa nje wanacheza gololi, na bibi mmoja kwenye kigoda anawaona wote huku anakaanga mihogo.

Na hapa nakiri jambo ambalo vitabu vyetu vya fani havipendi kuliandika. Tandale hatukuichora sisi. Nimechora maeneo ya wazi mengi katika viwanja vipya, nimeyapaka kijani kwenye ramani, na nikirudi baada ya miaka mitano nakuta watoto wanacheza kwenye njia ya mita sita mbele ya nyumba zao, na eneo langu la kijani limegeuka dampo au limeota gereji. Nilidhani kosa ni uvamizi tu. Uvamizi upo na unaniuma. Lakini siku hizi nina wasiwasi kwamba tulikosea mwanzo: mtoto mdogo hachezi pale alipopangiwa, anacheza pale ambapo sauti ya mama inafika. Kama ni hivyo, sehemu kubwa ya tunachokiita uwanja wa michezo kwenye ramani ni hesabu ya kumridhisha mkaguzi.

Fremu nazo nina mgogoro nazo. Wenzangu wanasema biashara mbele ya nyumba inaleta uhai na macho barabarani. Kwenye kona yetu zipo fremu saba pale palipokuwa na michongoma. Macho yapo, ni kweli. Lakini mpangaji wa fremu analipa kodi ya miezi sita, ikiisha anahama, anakuja mwingine; hajui yule ni mtoto wa nani. Na mteja wake anakuja na gari, analiegesha pale pale rede ilipochezwa. Macho yasiyojua jina hayamrudishi mtoto kwa mama yake.

Narudi msibani. Njia ilifungwa siku tatu kwa ajili ya turubai. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili mchana, geti la nyumba ya tatu likafunguka, akatoka mvulana na mpira, akasimama anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ngeni. Akatoka mwingine ng'ambo. Kufika jioni walikuwa tisa, hawakujuana majina ingawa wawili kati yao wanaishi ukuta mmoja. Wamama tuliokuwa tunamenya viazi tukawa tunawaona, na mmoja wetu alimkaripia mtoto asiye wake, akatii. Yule kaka wa simu alikuwa amekaa nao mgongo kwa mgongo.

Nilipomwonyesha aligeuka, akawatazama muda mrefu. Akasema, "Lakini dada, mimi ukuta siwezi kuushusha. Nimeshavunjiwa mara mbili." Sikuwa na la kumjibu, na kwangu ninakoishi ukuta ni mita mbili na nusu. Sitamwambia mtu abomoe kinachomlaza usingizi.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ombi jingine: njia ifungwe kwa magari Jumapili tu, saa 8 mchana hadi magharibi, kama zamani. Akanisikiliza vizuri. "Mama, lete barua yenye sahihi za nyumba zote za njia hiyo." Nyumba ni 14. Nimepata sahihi 9, yule kaka akiwa wa kwanza. Mwenye fremu amekataa kwa sababu Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo, na sababu yake ni ya haki. Zilizobaki nne magetini hakuna anayefungua. Nimeacha namba yangu kwa walinzi, na Jumamosi nitapita tena.