Nanga ya Kudumu Pangoni: Maana Yake na Namna Inavyoboreshwa

Mtu wa Mombasa akisikia neno nanga, mawazo yake humpeleka Bandari ya Kale, kwenye jahazi lililotulia huku amari ikizama majini kwa mshazari. Nanga hiyo hushika kwa kulala: makucha yake hujikita mchangani kwa sababu kamba huivuta kwa ubapa, na nahodha anapotaka kuondoka huleta chombo juu yake, akaivuta wima, nayo ikang'oka. Nanga ya pangoni imeazima jina tu. Hiyo huvutwa kuelekea chini na mtu anayening'inia, haitakiwi kusogea hata kidogo, na msafiri haondoki nayo safari inapokwisha.

Nanga ya kudumu, basi, ni kituo kilichopachikwa katika mwamba ili kibebe kamba ya wanaoshuka shimo la wima, na kilichoachwa hapo kwa makusudi ili kila ajaye baadaye akitumie. Kinachoonekana kwa macho ni kipande cha chuma chenye pete ya kupitishia karabina, yaani kiungo cha chuma chenye kufunguka kinachoshika kamba, lakini anayeishia hapo ameona theluthi tu ya nanga. Nanga ni mwamba, ni chuma, na ni kile kinachoviunganisha viwili hivyo, iwe ni mkazo wa bolti au ni gundi. Na nguvu yake haizidi nguvu ya kilicho dhaifu kati ya hivyo vitatu. Niseme mapema kwamba mapango ambayo wageni wengi wa huku huyajua, yale ya Shimoni katika kaunti ya Kwale, huingiwa kwa ngazi na kwa miguu, na hayahitaji kamba wala nanga. Dhana hii inamhusu anayesimama kwenye mdomo wa shimo lisilo na ngazi.

Mwamba ndio wa kwanza kuulizwa. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojengeka takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mwamba huo huchongeka kwa urahisi kiasi, ndiyo maana handaki la Fort Jesus liliweza kukatwa ndani yake mwishoni mwa karne ya 16, na ndiyo maana vilevile bolti fupi haiwezi kuuamini. Ndani yake mna vitundu, mifuko ya udongo na maganda ya kombe, hata drili iliyokuwa ikienda kwa shida huweza kutumbukia ghafla sentimita nzima bila kukutana na kitu. Anayejua kazi hugonga ukuta kwa nyundo kabla ya kutoboa, akasikiliza. Mlio mkali na mkavu humpa moyo. Mlio mzito, kama wa mtungi mtupu, humwambia kwamba nyuma ya uso ule mzuri mna uwazi au ufa, na humhamisha mahali hapo hata kama pangemfaa kwa kila jambo jingine.

Bolti ya kawaida hushika kwa kutanuka: inapokazwa, sehemu yake ya ndani hupanuka na kuusukuma mwamba pande zote. Katika mwamba mgumu hilo halina tatizo, lakini katika mwamba laini msukumo huo ndio unaoupasua, na nanga hulegea kwa sababu ya nguvu ileile iliyotarajiwa kuishikilia. Kwa miaka mingi washukaji wa mapango ya Ulaya walitumia bolti ndogo ya milimita 8 yenye ala ya chuma ya urefu wa takriban milimita 30, iliyotobolewa kwa nyundo na kwa mkono, mtu akiwa amening'inia gizani. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa rahisi kwa bei, nayo ilifungua mapango mengi. Ubaya wake ulijitokeza polepole. Kila kikundi kilichofika kiliikuta bolti ya waliotangulia imeshika kutu, kikaitilia shaka, kikatoboa yake pembeni. Na kilichofuata kikafanya vilevile, mpaka midomo ya mashimo maarufu ikawa imetobolewa kama chekeche, na hakuna tundu hata moja ambalo mtu angeweza kuliapia.

Hapo ndipo neno kuboresha linapopata maana yake hasa, na ndipo wengi wanapolikosea. Kuboresha nanga si kuongeza nanga. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vya wapenda mapango vilikubaliana kwamba katika mapango yanayotembelewa sana ziwekwe nanga chache za gundi, mahali palipokubaliwa, na watu waliofunzwa kazi hiyo, ili wengine wote waache kutoboa. Nionavyo, makubaliano yale yalikuwa na uzito kuliko chuma chenyewe, kwa sababu nanga bora kabisa iliyowekwa bila watu kukubaliana itaongezewa jirani msimu ujao.

Nanga ya gundi huwekwa hivi. Tundu hutobolewa kwa kina cha milimita 80 hadi 100, kisha huanza kazi ambayo mwenye haraka huiona ya kipuuzi: kusugua ndani kwa brashi, kupuliza kwa pampu, kusugua tena, kupuliza tena, mpaka upepo unaotoka usibebe tena ule unga mweupe. Vumbi likibaki, gundi hushikana na vumbi badala ya mwamba, na chuma kitakuja mkononi siku ya kuvutwa ingawa kwa nje kinaonekana imara. Gundi huingizwa kuanzia chini ya tundu ili hewa isinaswe, kisha chuma husukumwa kwa kuzungushwa taratibu, gundi ikifurika kidogo mdomoni, dalili kwamba tundu limejaa. Gundi hizi ni za vitu viwili vinavyochanganyika, na huganda kwa kufuata joto: katika baridi ya mapango ya Yorkshire, huko Uingereza, fundi ana nafasi ya kutosha, lakini katika joto la huku pwani zinaweza kuanza kukaza ndani ya dakika chache, akajikuta chuma kimeingia nusu na hakiendi mbele wala nyuma. Baada ya hapo nanga haiguswi mpaka upite muda wote uliotajwa na mtengenezaji. Faida yake katika mwamba wa matumbawe ni dhahiri, kwa kuwa gundi haisukumi mwamba bali hujaza vitundu vyake, na huushika kwa urefu wote wa tundu.

Kiwango cha Ulaya cha nanga za mwamba, EN 959, hudai nanga ihimili kilonewton 25 inapovutwa sambamba na uso wa mwamba. Hesabu hiyo inakaribia uzito wa mifuko 50 ya saruji ya kilo 50, na msomaji ana haki ya kuuliza mtu wa kilo 80 anahitaji hayo yote ya nini. Jibu ni kwamba mtu hashuki kama mfuko wa saruji. Huyumba, husimama ghafla, na nanga moja ikimwachia huanguka kidogo kabla ya ile ya pili kumdaka, naye yuko kwenye kamba isiyonyumbuka sana inayoipitishia nanga mshtuko karibu wote. Siku ya uokoaji, nanga ileile hubeba majeruhi, machela na mwokoaji, huku watu wa juu wakivuta.

Kwa sababu hiyo nanga za mdomoni huwekwa mbili, zikagawana mzigo. Lakini kugawana huko kuna sharti ambalo vijana wawili wanaobeba tenga la samaki wanalijua bila kufundishwa: wakitembea karibu karibu, kila mmoja hubeba nusu, wakiachana mno, mikono huwauma wote wawili ingawa samaki hawajaongezeka. Kamba mbili zinazokutana kwa pembe ya nyuzi 60 huipa kila nanga takriban asilimia 58 ya uzito. Kwa nyuzi 90, asilimia 71. Na kwa nyuzi 120 kila nanga hubeba uzito mzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Kwa hiyo nanga mbili zilizo mbali sana, zenye kamba fupi kati yake, ni udanganyifu, hata kama kila moja peke yake ni nzima.

Mahali pa nanga huamua pia maisha ya kamba. Ukingo wa matumbawe ni mkali kama msumeno, na kamba ya nailoni inayosugua hapo kila mshukaji anapoyumba hulika uzi baada ya uzi. Nanga nzuri huwekwa juu na mbele kiasi kwamba kamba hushuka ikining'inia bila kugusa. Pasipowezekana, huwekwa nanga nyingine katikati ya mteremko, kamba ikafungwa upya chini ya ukingo unaosugua. Na kabla ya hizo zote huhitajika nanga ya nyuma, mbali na shimo, ili mtu ajifunge angali amesimama mahali salama. Ajali ya mtu aliyeteleza akiinama kuifikia nanga ni ajali ya nanga, hata kama nanga yenyewe haikutikisika.

Limebaki suala la chumvi, na hapa pwani ndilo suala lenyewe. Nyumbani kwetu madirisha mawili yana nondo za aina moja, zilizowekwa siku moja. La upande unaopigwa na mvua limeshika kutu kiasi, ilhali lile lililofunikwa na paa la baraza limeliwa mpaka unga unaanguka. Mvua huosha chumvi. Mahali pakavu chumvi hukaa na kujilimbikiza. Pango lililo karibu na bahari ni baraza kubwa. Chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiona ndio mwisho wa mjadala, huweza kupata nyufa za ndani kinapokuwa chini ya mkazo, penye chumvi na joto, bila uso wake kuonyesha chochote zaidi ya doa dogo la kahawia, kisha kikakatika kwa uzito mdogo. Wapanda miamba ya chokaa ya pwani ya Thailand walilijua hilo kwa uchungu, wakageukia nanga za metali ya titani zilizogundishwa, ambayo ni ghali mara kadhaa lakini haisumbuliwi na chumvi ya bahari. Bolti za chuma zikichanganywa na vibebeo vya alumini, yaani vile vipande vyenye pete vinavyofungwa kwenye bolti, vikaachwa humo, unyevu wa chumvi huifanya alumini iliwe haraka zaidi.

Kutoboa pango la pwani si uamuzi wa mwenye drili. Pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, lilihifadhi kaburi la mtoto la takriban miaka 78,000, na mapango kadhaa ni mahali pa matambiko ya Wamijikenda. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mamlaka juu ya maeneo ya kale chini ya sheria ya mwaka 2006, na wazee wa mahali wana neno lao pia. Ruhusa ikipatikana, kila nanga huandikwa: tarehe iliyowekwa, aina ya chuma na gundi, na nani aliiweka, ili atakayeikagua baada ya miaka kumi asikisie.

Bolti za zamani nazo huondolewa. Zinazokubali huvutwa nje. Zisizokubali hukatwa usawa wa ukuta, na tundu huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mwamba uleule uliotoka wakati wa kutoboa, ambao fundi makini huwa ameuweka kwenye kikopo tangu asubuhi.