Wakosaki: Kabla ya Farasi Kulikuwa na Mashua

Ukitaja Wakosaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine na Urusi, wengi huona mpanda farasi mwenye kofia ya manyoya, upanga mkononi, akiwatawanya waandamanaji wa Urusi mwaka 1905. Ni picha ya kweli, ila ni ya miaka ya mwisho. Sisi tunaofundisha historia ya majeshi huwaomba wanafunzi waanzie mbali zaidi, mtoni.

Jina lenyewe ni la asili ya Kituruki: qazaq, mtu huru asiye na bwana. Ndilo lililozaa pia jina la Kazakhstan. Katika karne za 15 na 16 wakulima waliochoka kuwatumikia makabaila wa Poland na Urusi walitorokea nyika za kusini, kando ya mito Dnipro na Don. Huko hakukuwa na mfalme wa kuwalinda, na Watatari, Waislamu wa rasi ya Crimea, walikuja mara kwa mara kukamata watu wa kuuza utumwani. Aliyetaka kubaki ilimlazimu awe mpiganaji.

Chini ya maporomoko ya Dnipro, Wakosaki wa Zaporizhzhia walijenga ngome iliyoitwa Sich. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Kiongozi alichaguliwa na mkutano wa wapiganaji, rada, na mkutano huohuo uliweza kumwondoa. Vitani walisifika kwa miguu kuliko kwa farasi: waliunganisha mikokoteni ikawa boma, wakapiga bunduki wakiwa ndani, wa nyuma wakiwajazia risasi wa mbele. Mashua zao, chaika, zilifungwa mafungu ya matete ubavuni zisizame, na moja ilibeba watu 50 hadi 70. Kwa mashua hizo walivuka Bahari Nyeusi, na mwaka 1614 wakaiteketeza Sinope, bandari ya Dola la Osmani.

Mwaka 1648 Bohdan Khmelnytsky aliwaongoza kuasi dhidi ya Poland, wakaunda dola yao. Katika uasi huo maelfu ya Wayahudi waliuawa, na anayesifu ushujaa akaificha damu hiyo hasemi kweli. Mwaka 1654 Khmelnytsky aliapa utii kwa mfalme wa Moscow, yaani wa Urusi. Tangu hapo uhuru wao ukawa unamegwa kidogokidogo, hadi mwaka 1775 Catherine II, malkia wa Urusi, alipoibomoa Sich.

Wakosaki wa Don na wenzao wakageuzwa tabaka la askari. Serikali iliwapa ardhi, nao wakalipa kwa miaka yao: chini ya sheria ya 1875 utumishi ulidumu miaka 20, na kijana alifika kambini na farasi wake, upanga wake na sare yake, vyote vikiwa vimegharamiwa na familia. Kwa kaya maskini, kumwandaa mtoto mmoja tu kulikuwa mzigo mzito. Mtoro asiye na bwana alikuwa amepata bwana.

Januari 1919 Wabolsheviki, wakomunisti waliokuwa wametwaa madaraka Urusi, waliamuru msako wa kikatili dhidi yao. Katika Vita Kuu ya Pili walipigana pande zote mbili. Maelfu ya waliokuwa na Wajerumani walikabidhiwa na Waingereza kwa Wasovieti huko Lienz, Austria, mwaka 1945.

Leo jina hilo linadaiwa na nchi mbili zilizo vitani. Urusi ina sheria ya mwaka 2005 kuhusu Wakosaki wanaoitumikia serikali. Wimbo wa taifa wa Ukraine unawataja Waukraine kuwa wa ukoo wa Kikosaki, na brigedi yake ya 58 inaitwa kwa jina la Ivan Vyhovsky, kiongozi wa Wakosaki aliyelishinda jeshi la Moscow huko Konotop mwaka 1659.