Kuua Bakteria Bila Kuua Seli: Dawa Inayotoka Kidogo Kidogo Ndani ya Mzizi wa Jino

Meno ya mbele ya juu ya utu uzima huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini mzizi huchelewa. Huchukua takriban miaka 3 zaidi kukamilika, na muda wote huo ncha yake huwa wazi kama mdomo wa tarumbeta, huku kuta zikiwa nyembamba. Mtoto akianguka katika kipindi hicho na kugonga jino, kiini chake, yaani ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinaweza kufa. Kikifa, mzizi huacha kukua pale pale ulipofikia.

Jino la namna hiyo halitibiki kwa njia ya kawaida ya kujaza mzizi. Kwa kuwa nchani hakuna mbano wa kukizuia, kijazio kinaweza kupenya hadi kwenye mfupa. Kwa miaka mingi mzizi ulijazwa kalsiamu haidroksaidi, dawa ya jamii ya chokaa, kwa miezi kadhaa mpaka kizibo kigumu kijijenge nchani. Kizibo kilipatikana, lakini kuta zilibaki nyembamba vile vile, na meno mengi yalivunjika shingoni.

Mwaka 2001 Iwaya na wenzake nchini Japani waliripoti jino lililooza kiini ambalo, baada ya kusafishwa kwa dawa tu, mzizi wake uliendelea kukua. Mwaka 2004 madaktari wa meno Banchs na Trope wakaeleza utaratibu ambao ndio msingi wa tiba ya leo: ua bakteria, chokoza damu iingie kwenye mfereji ulio ndani ya mzizi, ziba juu, kisha uachie mwili na seli shina zilizo nchani mwa mzizi, yaani seli changa zinazoweza kujenga tishu mpya, zifanye kazi. Ugumu wote uko kwenye hatua ya kwanza. Bakteria wasipokufa, hakuna kitakachoota. Na dawa ikizidi, seli shina nazo zinakufa.

Kwenye jino la mtu mzima daktari hukwangua kuta za mfereji kwa vyuma vyembamba, na sehemu kubwa ya uchafu hutoka hivyo. Kwenye jino changa hathubutu, kwa sababu kila anachokwangua ni ukuta ambao jino linauhitaji. Usafi wote hutegemea maji ya dawa na kile kitakachoachwa ndani. Miongozo mingi huelekeza sodiamu haipokloraiti, kemikali iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha nguo, ya asilimia 1.5, mililita 20 kwa kila mfereji kwa dakika 5, sindano ikiwa na tundu la ubavuni na kukomea takriban milimita 1 kabla ya ncha. Sindano ikisukumwa kwa nguvu, au ikishuka zaidi ya hapo, dawa hupenya kwenye tishu na kuleta maumivu makali na uvimbe wa ghafla. Kisha mfereji husuuzwa kwa maji ya chumvi au kwa EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu ya ukuta.

Hata hivyo bakteria hubaki. Dentini, yaani ile sehemu ngumu ya ukuta wa jino, ina vijitundu vyenye upana wa mikroni 1 hadi 3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na bakteria hujikita humo na kujifunika utando wao, hivyo suuzo la dakika chache haliwafikii wote. Ndiyo maana dawa huachwa ndani kwa wiki 1 hadi 4.

Mchanganyiko uliozoeleka ni wa antibiotiki tatu: siprofloksasini, metronidazoli na minosaiklini. Metronidazoli hulenga bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, ambao ndio wengi ndani ya mfereji uliooza, nazo mbili zilizobaki hushughulika na wengine. Zamani ulikorogwa mzito kama dawa ya meno, karibu gramu 1 ya unga kwa mililita 1 ya maji. Majaribio ya maabara yakaonyesha kwamba uzito huo huua karibu seli shina zote. Leo kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni miligramu 1 hadi 5 kwa mililita, yaani mamia ya mara chini ya ule wa zamani. Minosaiklini nayo ina kasoro yake: hushikana na kalsiamu ya dentini na kuligeuza jino kuwa la kijivu. Kwa jino la mbele la mtoto hilo si jambo dogo, kwa hiyo madaktari wengi huiacha, au huweka klindamaisini badala yake.

Lakini punguza dawa hadi miligramu 1 kwa mililita uone unachobaki nacho: maji. Hayashikamani na ukuta, hutiririka kuelekea nchani, na dawa huisha upesi. Hapo ndipo zinapoingia nyenzo zinazotoa dawa taratibu. Iliyo rahisi ni jeli, mathalani ya methiliselulosi, inayoifanya dawa nyepesi ikae mahali pake. Iliyochunguzwa zaidi maabara ni kitambaa cha nyuzi nano.

Plastiki inayoyeyuka mwilini, kwa mfano polidioksanoni inayotumika pia kwa nyuzi za kushonea vidonda, huyeyushwa ndani ya kiyeyushi na kuchanganywa na antibiotiki. Mchanganyiko hupitishwa kwenye sindano yenye umeme wa maelfu ya volti. Tone lililo mdomoni mwa sindano huvutwa likawa uzi, kiyeyushi hukauka hewani, na nyuzi nyembamba kuliko mikroni 1 hujikusanya kwenye pipa dogo linalozunguka, hadi upatikane utando mweupe unaofanana na karatasi laini. Daktari hukata kipande, hukikunja na kukiingiza kwenye mfereji. Unyevu hupenya kwenye nyuzi na dawa hutoka.

Kasi ya kutoka ndiyo kipimo cha ubora wake. Dawa iliyo juu juu ya nyuzi hutoka kwa kishindo siku ya kwanza, iliyo ndani hufuata polepole. Kishindo kikizidi, tumerudi kwenye sumu ya ule mchanganyiko mzito. Dawa ikiisha mapema, bakteria waliosalia huzaliana, na wenye usugu ndio hubaki. Kipande kisipogusa ukuta, vijitundu vya upande huo havipati kitu. Nyingi ya nyenzo hizi bado ziko kwenye majaribio ya maabara na ya wanyama, na Jumuiya ya Ulaya ya Endodontia, yaani tiba ya ndani ya mizizi ya meno, katika tamko lake la mwaka 2016, inapendekeza kalsiamu haidroksaidi. Mzazi akiambiwa hiyo ndiyo itakayotumika, asidhani mtoto wake anapewa tiba duni.

Miadi ya pili hufanyika iwapo maumivu na usaha vimekoma. Ganzi huwa isiyo na adrenalini, kwa kuwa adrenalini hubana mishipa na damu inahitajika. Dawa husuuzwa, kisha hupitishwa EDTA ya asilimia 17, ambayo pia huziachilia protini za ukuaji zilizofungiwa ndani ya dentini. Kifaa chembamba hupitishwa milimita 2 nje ya ncha ili damu ipande. Ikishaganda, juu yake huwekwa saruji ya kalsiamu silikati, kisha kijazio cha kudumu. Picha za eksirei hufuata baada ya miezi 6, 12 na 24. Tishu inayoota mara nyingi hufanana zaidi na sementi, lile gamba gumu la nje ya mzizi, au na mfupa kuliko kiini cha asili, lakini jino hubaki kinywani, nao mfupa wa mtoto anayekua hulihitaji.

Mweleze daktari mapema kama mtoto ana mzio wa antibiotiki yoyote. Usimimine unga wa kidonge kwenye jino nyumbani: kipimo hakijulikani, na ncha iko wazi kuelekea mfupani. Na kijazio cha muda kikidondoka kati ya miadi, rudi siku hiyo hiyo hata kama jino haliumi, maana mate yakiingia kwenye mfereji, usafishaji huanza upya.