Daraja la Vijiti Lijaribiwe Pia kwa Maji

Wanafunzi wakiambiwa waunde daraja, huko Nakuru au hapa Kisumu, mara nyingi huchukua vijiti vya aiskrimu na gundi. Mwalimu hutundika ndoo katikati, akaongeza mchanga hadi daraja livunjike. Lililobeba kilo nyingi ndilo mshindi.

Ni zoezi zuri. Mtoto hujionea kwamba fremu ya pembe nne ukiisukuma kwenye kona inalala upande, ila ukiitia kijiti cha mshazari, zikawa pembetatu mbili, haitikisiki. Hujionea pia kazi ya kimo. Rula ikilazwa bapa hupinda kwa kidole. Ikisimamishwa kwa ukingo, haipindi. Boriti ikiongezwa upana mara mbili, ugumu wake huongezeka mara mbili tu. Ikiongezwa kimo mara mbili, huongezeka mara nane. Ndiyo sababu boriti za madaraja huwa na kimo kikubwa kuliko upana.

Lakini shindano hilo hupima nusu ya kazi, tena, kwa maoni yangu, nusu iliyo rahisi. Malori huangusha madaraja machache. Mito huangusha mengi.

Jaribuni hivi: jazeni karai mchanga uliolowa, chomekeni kijiti kinene kiwe nguzo, inamisheni karai kidogo, kisha mimineni maji polepole kutoka upande wa juu. Maji yakigonga nguzo huteremka, yakajizungusha chini na kuzoa mchanga. Shimo huanza upande yanakotoka maji, na baada ya muda kijiti huinama ingawa juu yake hakuna hata punje ya mzigo. Mkiongeza mwendo wa maji mara mbili, msukumo wake kwenye nguzo huwa mara nne.

Sasa fikirieni mto Nzoia ukifurika Budalangi, au mto Nyando ukiingia uwanda wa Kano na udongo wote uliouzoa milimani. Ubaya ni kwamba mafuriko yakipungua, shimo hujaa tope laini. Anayekagua wiki inayofuata huona mto umetulia na nguzo imesimama wima, kumbe imesimama juu ya uji. Mkaguzi makini hudunga fimbo ya chuma kando ya nguzo apime ulaini huo. Mbunifu naye huteremsha msingi hadi chini ya kina ambacho mto unaweza kuchimba. Hapo ndipo pesa nyingi huzikwa, na ndipo watu hushawishika kupunguza.

Njia ya maji nayo ikiwa finyu, hatari huhamia kwingine. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, handaki la kupitisha mto chini ya tuta la reli lilikuwa limeziba kwa magogo na takataka. Maji yalirundikana nyuma ya tuta mpaka likapasuka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Hakuna treni iliyolielemea.

Baada ya mvua, angalieni magogo yaliyonasa kwenye nguzo, na barabara iliyodidimia pale inapokutana na daraja. Wanaochota mchanga karibu na nguzo wasimamishwe, kwa kuwa wanateremsha sakafu ya mto. Barabara za mashambani ripoti ipelekwe KeRRA, mamlaka ya barabara hizo; barabara kuu ipelekwe KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Na maji yakiwa yanapita juu ya daraja, msivuke, hata kama kingo zake zinaonekana: huenda udongo wa kulifikia upande wa pili umeshaondoka.