Kabla sindano haijagusa santuri ya zamani

Ukirithi sanduku la santuri, usianze kuzifuta wala kuzipiga. Jua kwanza kila moja imetengenezwa kwa kitu gani, maana dawa inayosafisha moja huiharibu nyingine.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya HMV, kwa kawaida ni za shelaki. Ni nzito, hazipindi, na zikianguka huvunjika. Shelaki ndiyo ile mafundi seremala huiyeyusha kwenye spiriti wapate polishi ya makabati. Spiriti ikiigusa santuri hiyo, mifereji ya sauti hulika na haitengenezeki tena. Santuri za 45 na LP (zile kubwa za nyimbo nyingi) za 33 nyingi ni za vinili, aina ya plastiki, nyepesi, na ukizishika pembezoni hupinda kidogo. Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ni shelaki.

Kwa vinili nachanganya sehemu nne za maji yaliyotoneshwa na sehemu moja ya alkoholi ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato kwa lita nzima. Kwa shelaki, maji na sabuni tu. Brashi laini ifuate mzunguko wa mifereji, isikate katikati, lebo isilowe. Suuza kwa maji matupu yaliyotoneshwa, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha simamisha santuri kivulini. Shelaki usiiloweke kamwe.

Maji ya bomba au ya kisima, hasa pwani, yakikauka huacha chumvi ndani ya mfereji, nayo husikika kama mkwaruzo. Maji yaliyotoneshwa hupatikana vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini soma chupa vizuri: asidi ya betri nayo watu huiita hivyo hivyo. Spiriti ya dukani, ukitaka kuitumia kwa vinili badala ya isopropili, pia ichunguze, kwani aina nyingine hutiwa mafuta yanayobaki kwenye mfereji. Madoa meupe ni ukungu wa unyevu. Ukishaosha, usirudishe santuri kwenye mfuko wake wa zamani, maana ukungu umo humo humo.

Sindano nazo si moja. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya mikroni (elfu moja za milimita) 76 hivi. Wa LP na 45 unatosha ncha ya mikroni 18. Ncha ndogo kwenye 78 hukwangua sakafu ya mfereji na kutoa kelele tupu. Na LP usiithubutu kuiweka kwenye gramafoni ya kujaza kwa mkono: sindano yake ya chuma na uzito wake vitaichimba mara moja.

Kuhusu uzito wa sindano juu ya santuri, watu wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Ni kinyume. Sindano nyepesi mno hurukaruka na kugonga kuta za mfereji, ndipo herufi “s” za mwimbaji zinapoanza kupasuka. Sogeza kile chuma kizito cha nyuma ya mkono wa sindano hadi mkono uelee sawasawa hewani, weka namba zake kwenye sifuri, kisha zungusha hadi uzito uliotajwa na mtengenezaji wa kichwa (kile kinachobeba sindano), kwa kawaida gramu 1.5 hadi 2. Za 78 huhitaji gramu 3 hadi 5.

Sauti ikitoka ndogo, nyembamba, isiyo na besi, pengine umechomeka waya kwenye Aux, tundu la vifaa vya kawaida kwenye amplifaya. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti 5 tu hivi, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri. Lazima sauti ipite kwenye tundu la Phono, lile la pleya ya santuri, au kikuzaji chake. Ukisikia mngurumo usiokoma, funga ule waya mwembamba wa pleya kwenye skrubu ya “GND” ya amplifaya.

Pleya isiyo na kasi ya 78 bado inafaa, mradi sindano ni ya 78. Irekodi santuri kwenye kompyuta kwa 45, kisha ongeza kasi hadi asilimia 173.3 ya ile ya awali. Changanya chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, ziwe moja (mono). Sauti ya 78 imechongwa kwa mtikisiko wa kushoto na kulia tu, hivyo kelele za juu na chini hufutana.