Maridhiano ni nini? Mandela na neno linalohitaji watu wawili

Tuanze na sarufi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kusamehe ni jambo la mtu mmoja. Aliyenikosea anaweza kuwa ameshakufa, amehama mji, au hana habari kabisa; mimi nikishamsamehe, yamekwisha. Kuridhiana kuna ile "-ana" mwishoni, kama kukopeshana au kuoana, na hakuna anayeoana peke yake. Maridhiano basi ni pande mbili kukubali kitu kimoja, kila upande ukiwa umeachia kitu ulichokuwa umekikumbatia.

Ndiyo maana huwa nasita nikisikia Nelson Mandela akisimuliwa kama mzee aliyetoka gerezani, akasamehe, nchi ikapona. Alisamehe, sawa. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine, na ngumu zaidi: kuwaridhianisha watu ambao sheria ilikuwa imewakataza hata kukaa benchi moja.

Sheria hiyo haikuwa mzaha. Mwaka 1950 serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake. Aliyetiliwa shaka aliweza kuchomekwa penseli kwenye nywele: ikidondoka, anahesabiwa mweupe, ikinasa, siyo. Kwa mtindo huo ndugu wa tumbo moja waliweza kuangukia makundi mawili, na kundi lako ndilo lililoamua uishi mtaa gani, usome shule gani, na umuoe nani. Ardhi ambayo Waafrika waliruhusiwa kuimiliki ilikuwa kama asilimia 13 ya nchi yote, nao ndio waliokuwa wengi.

Januari 1962 Mandela alitoroka kwa siri akapitia Mbeya akielekea Dar es Salaam kuonana na Nyerere. Alisimulia baadaye kwamba kilichomshangaza Mbeya kilikuwa baraza la hoteli: weusi na weupe wamekaa pamoja, wanapiga soga, hakuna anayeshtuka. Alikuwa na miaka 43, na hajawahi kuona kitu kama hicho kwao. Agosti mwaka huo huo, akiwa amesharudi nyumbani, alikamatwa, na mwaka 1964 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kisiwani Robben akaanza kujifunza Kiafrikana, lugha ya askari jela waliokuwa wakimfungia mlango. Baadhi ya wenzake hawakumwelewa. Lakini utaridhiana vipi na mtu usiyejua anaogopa nini? Hapo tusichanganye kuridhiana na kulegea. Mwaka 1985 Rais P. W. Botha alitangaza kwamba atamwachia huru endapo ataikana silaha. Mandela alikataa, na jibu lake likasomwa na binti yake, Zindzi, mbele ya umati wa Soweto. Miaka minne baadaye, Julai 1989, akiwa bado mfungwa, alipelekwa ofisini kwa Botha huyo huyo. Mlangoni ikaonekana kamba za viatu vyake hazijafungwa sawasawa, na aliyepiga magoti kuzifunga alikuwa Niel Barnard, mkuu wa idara ya ujasusi. Ndani, Botha akamimina chai mwenyewe. Hakuna kilichosainiwa siku ile, ila kila upande ulikuwa umeshaanza kuinama.

Aliachiwa tarehe 11 Februari 1990. Tukio ambalo mimi ningemfundishia mtoto neno hili, hata hivyo, si lile la kutoka gerezani, wala fainali ya raga ya 1995 alipovaa jezi namba 6 ya nahodha mweupe, ambayo kila mtu anaijua. Ni Jumamosi ya tarehe 10 Aprili 1993, siku moja kabla ya Pasaka. Chris Hani, kipenzi cha vijana wa ANC, chama cha Mandela, alipigwa risasi nje ya nyumba yake huko Boksburg. Aliyempiga alikuwa mhamiaji mweupe kutoka Poland. Nchi ilikuwa petroli tupu, ilisubiri kiberiti. De Klerk ndiye aliyekuwa rais, lakini aliyetokea kwenye televisheni kutuliza watu ni Mandela, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini. Hakuficha rangi ya muuaji. Alisema mzungu aliyejaa chuki amefanya unyama. Kisha akaunganisha papo hapo: mwanamke mzungu, Kaburu, ndiye aliyehatarisha maisha yake ili muuaji akamatwe. Jirani huyo wa Hani alikuwa amezishika namba za gari na kupiga simu polisi. Kwa sentensi hizo mbili mstari wa ugomvi ulihama: haukuwa tena weusi upande huu na weupe upande ule. Ghasia zilitokea, watu walikufa, lakini vita haikuja, na mazungumzo ya ANC na serikali yakazaa tarehe ya uchaguzi: 27 Aprili 1994.

Sasa bei yake. ANC ilipata zaidi ya asilimia 62 ya kura, ikaunda serikali ya umoja wa kitaifa, De Klerk akiwa mmoja wa manaibu wawili wa rais. Kabla ya hapo Joe Slovo wa upande wa ANC, mkomunisti tena, alikuwa ameshapendekeza watumishi wa serikali ya zamani wasifukuzwe, na iwepo serikali ya pamoja kwa miaka kadhaa. Maana yake, polisi aliyekuwa akikupiga virungu aliweza kubaki na mshahara wake. Kwa upande wa weupe, kilichoachiwa ni utawala wa dola. Mashamba, migodi na akaunti za benki kwa sehemu kubwa vilibaki mikononi mwa wale wale, na ndiyo hoja ya vijana wengi wa huko wanaosema Madiba, yaani Mandela, aliuza kwa bei ya chini. Sikubaliani na neno "kuuza", kwani jeshi lilikuwa bado upande wa pili wa meza. Lakini nikisoma masharti yale sioni kama pande zote mbili ziliachia sawa.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ndiyo inayoonyesha ugumu huo wazi kabisa. Ilianza kusikiliza watu Aprili 1996 mjini East London, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, na ilipokea maelezo ya waathirika zaidi ya 21,000. Biashara yake ilikuwa hivi: njoo useme yote uliyotenda kwa sababu za kisiasa, bila kuficha, upewe msamaha wa kisheria. Waombaji walizidi 7,000. Waliopewa walikuwa wachache kati yao. Kwa hiyo haikuwa njugu za kugawa, kama wengine wanavyodhani. Familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, ilikwenda mahakamani kuipinga, ikitaka kesi na siyo simulizi. Ikashindwa. Polisi waliohusika na kifo chake nao wakaomba msamaha huo, wakanyimwa. Botha aliitwa akagoma kwenda.

Kenya ilipounda tume yake baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, iliiita Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Angalia neno lililoongezwa katikati. Zanzibar nako, tangu Rais Amani Karume na mpinzani wake Maalim Seif wapatane mwaka 2009, neno hili likisemwa kijiweni watu hufikiria kwanza mgawanyo wa vyeo.

Afrika Kusini yenyewe imelitengea siku ya mapumziko, tarehe 16 Desemba. Makaburu walikuwa wakiiadhimisha kwa kukumbuka ushindi wao dhidi ya Wazulu mwaka 1838. Mandela na wenzake waliichagua tarehe hiyo hiyo mwaka 1961 kulizindua jeshi lao la msituni, Umkhonto we Sizwe. Serikali mpya haikuifuta, ikaipa jina la Siku ya Maridhiano. Hadi leo mjini Pretoria wapo wanaokwenda siku hiyo kusali kwenye mnara wa Voortrekker, na wapo wanaopanda kilima cha jirani, Freedom Park, kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru. Mtu aliyesimama kilima kimoja anakiona kingine vizuri tu.