Maziwa hayaoshi vumbi la mapafuni

Mafundi wengi wa kukata mawe, vigae na zege huamini kuwa glasi ya maziwa baada ya kazi huosha vumbi kifuani.

Maziwa hushuka kwenye umio hadi tumboni. Vumbi hupita njia ya hewa hadi mapafuni. Ni njia mbili tofauti. Maziwa hulainisha koo lililokauka, ndiyo maana mtu huhisi nafuu, na ni chakula kizuri. Lakini chembe za silika (madini yaliyomo kwenye mawe, vigae na zege) zilizo chini ya mikromita 5 hivi (unene wa unywele ni takribani 70) hufika ndani kabisa, na zikikaa huko huacha makovu yasiyopona.

Dawa ni vumbi lisiruke. Kata kwa maji, ila kwa mashine iliyoundwa kwa hilo. Grainda ya kawaida ya umeme ikilowa inaweza kukupiga shoti. Usifagie pakavu. Kitambaa usoni hakitoshi: tafuta barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2, ibane pua na kidevu. Ndevu huacha mwanya.

Ukitaka kujionea, zima taa baada ya kukata, kisha mulika tochi kwa ubavu. Chembe zitang'aa zikielea hata pale ulipodhani hewa imetulia. Nazo ni zile kubwa kidogo. Zilizo laini zaidi huenda usizione.